Kifaru Kilichofufuliwa: Juu ya Magari ya Vita ya Kijerumani katika Mikutano ya Ukumbusho

Vita vinapokwisha huacha makaburi na vyuma. Makaburi hutunzwa na jamaa na serikali. Vyuma, kwa kawaida, huuzwa kwa uzito wake au huachwa kuliwa na kutu. Lakini katika Ulaya imezuka desturi nyingine. Magari ya jeshi la Ujerumani yaliyotumika katika vita vya 1939 hadi 1945 hutafutwa mashambani na maghalani, hufumuliwa, hutengenezwa upya, kisha huendeshwa mbele ya watu katika mikutano ya ukumbusho. Huonekana kila mwezi wa Juni huko Normandy, Ufaransa, yakiwa machache kati ya yale mengi ya Marekani na Uingereza. Desturi hii yastahili kupimwa kama kinavyopimwa kitabu, maana gari lililofufuliwa ni masimulizi: mtengenezaji amechagua mahali pa kuanzia, yale ya kusema, na yale ya kunyamazia.

Mfano ulio bora wa masimulizi hayo ni kifaru kiitwacho Tiger 131, kilichomo katika Makumbusho ya Vifaru ya Bovington, Uingereza. Kilitekwa na Waingereza nchini Tunisia mwezi wa Aprili 1943, baada ya kombora kukwamisha kichwa chake kisiweze kuzunguka, na wapiganaji waliokuwamo wakakikimbia. Mwaka huo huo kilipelekwa Uingereza kuchunguzwa, na mwaka 1951 kikatolewa kwa makumbusho. Kazi ya kukifufua ilianza mwaka 1990, na mwishoni mwa mwaka 2003 kikarudi kikiwa na injini inayofanya kazi. Injini hiyo si ile iliyotoka nayo Tunisia, kwa kuwa hiyo ya kwanza ilikwisha kukatwa ili wanafunzi waone viungo vyake vya ndani. Iliyotiwa mahali pake ilitolewa katika kifaru kingine. Hata hivyo, makovu ya makombora ya Waingereza hayakufutwa. Hapo ndipo ubora wa kazi ile ulipo: mtazamaji aonyeshwa chombo cha kutisha, na papo hapo aonyeshwa kwamba kilishindwa.

Wanaotetea uendeshaji wa magari haya wana hoja isiyodharaulika. Kitu kilichosimama ndani ya jumba hakisemi yote. Kifaru chenye uzito wa tani 57 kinapokwenda, ardhi hutetemeka, moshi hutanda, na minyororo hulia. Mtazamaji hufahamu kwa mwili wake alichokabili askari wa miguu. Hufahamu pia udhaifu wake: jinsi injini inavyohofiwa isichemke, jinsi magurudumu yaliyopandana yanavyowachosha mafundi, jinsi mafuta yanavyonywewa kama maji. Zaidi ya hayo, ufundi wa mkono usipotumiwa hufa pamoja na wenyewe. Anayeutaka uishi hana budi kuufanyia kazi.

Lakini lugha ya maonyesho haya ina kasoro, na kasoro hiyo yaanzia katika majina. Wajerumani waliviita vifaru vyao kwa majina ya wanyama wakali, kama Tiger, ambaye kwa Kiswahili ni chui milia, na Panther. Kiswahili nacho, kwa njia yake chenyewe, kiliona gari zito lenye ngozi ya chuma na pembe moja mbele, kikaliita kifaru. Tashbihi hiyo ni nzuri, lakini ina hatari. Mnyama huua kwa tabia yake, wala hahukumiwi. Gari la vita huua kwa amri ya mtu, kwa mkono wa mtu. Msimulizi wa maonyesho anaposema kwamba mnyama ameamka na ananguruma, binadamu aliyeamuru, aliyeunda, na aliyeuawa, wote watatu hutoweka katika sentensi.

Aliyeunda ndiye anayesahauliwa kuliko wote. Gari dogo liitwalo Kübelwagen hupendwa sana katika mikutano, kwa kuwa ni jepesi na vipuri vyake si vigumu kupata. Yaliundwa kama 50,000 katika kiwanda cha Volkswagen, katika mji ambao tangu 1945 huitwa Wolfsburg. Wakati wa vita watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi katika kiwanda hicho: mateka wa vita, wafungwa wa kambi za mateso, na raia waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa. Kiswahili kina neno la kazi ya namna hiyo, nalo ni shokoa. Tangu 1999 pana mahali pa kumbukumbu yao katika kiwanda chenyewe. Kibao kiwekwacho mbele ya gari katika mikutano, kwa desturi, hutaja mwaka, uzito, na nguvu ya injini. Neno moja la shokoa lingelibadili gari lile machoni pa msomaji.

Pana pia suala la ukweli wa kitu chenyewe. Magari mengi ya minyororo nyuma na magurudumu mbele yaonekanayo kuwa ya Kijerumani yaliundwa Chekoslovakia baada ya vita, yakiitwa OT-810, kisha yakabadilishwa umbo. Kunakili si kosa. Kosa ni kunyamaza juu ya kunakili. Na kuhusu alama, sheria ya Ujerumani yakataza kuonyesha hadharani msalaba wa Wanazi, ila kwa ajili ya elimu, sanaa na mengineyo ya aina hiyo. Tofauti hiyo ni ya busara, maana yamtaka mwenye kuonyesha ajue kwa nini anaonyesha.

Haiwezekani basi kuihukumu desturi hii kwa neno moja. Kurudisha magari haya kutuni kungepoteza ushahidi, na ushahidi wa uovu ni mali ya walioupata uovu huo kabla haujawa mali ya mpenda injini. Fundi aliyeacha kovu la kombora mahali pake amesimulia kwa uaminifu. Aliyepaka rangi mpya, akavaa sare iliyopigwa pasi, akapita polepole apigiwe makofi, amesimulia nusu. Na nusu hiyo ndiyo waliyoitaka wale walioamuru gari liundwe. Ukumbusho hukamilika pale injini inapozimwa, na katika kimya kile likasomwa jina la mji lilikoundwa, na hali ya watu walioliunda.