Nguvu, Upepo na Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Bunduki za Upepo

Mfasiri anayekabidhiwa kijitabu cha kutunzia bunduki ya upepo aghalabu huichukulia kazi hiyo kuwa ni nyepesi. Kurasa ni chache, picha ni nyingi, na chombo chenyewe hujulikana kwa watu wengi kuwa ni cha kufukuzia ndege shambani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa juu juu tu. Bunduki za upepo za aina kubwa ni silaha kamili, na maneno matatu ya kila siku, yaani nguvu, upepo na mafuta, yakitumiwa bila ya uangalifu yaweza kumpotezea mtu jicho au kumfikisha mahakamani.

Uhakiki wetu tumeuegemeza juu ya kitabu kimoja, The Airgun from Trigger to Target, kilichoandikwa na Gerald Cardew na Mike Cardew na kutolewa Uingereza mwaka 1995. Waandishi hao walikwisha kutoa kitabu cha kwanza juu ya fani hiyo hiyo mwaka 1976. Tumekichagua kwa sababu kimefanya jambo tunalolitaka kwa kila mwanaistilahi: kimekijaribu kitu kwanza, ndipo kikakipa jina.

Kwanza inafaa tueleze chombo kinavyofanya kazi. Katika bunduki ya springi, mpigaji huvuta kasiba au wenzo na kuibana springi kubwa iliyo nyuma ya pistoni. Akifyatua, springi huisukuma pistoni mbele kwa ghafula, nayo huishindilia hewa iliyo katika silinda. Hewa hiyo hupita katika tundu dogo na kuisukuma risasi ndani ya kasiba. Aina ya pili haina springi kubwa ya namna hiyo. Hewa hujazwa kabla katika mtungi uliofungwa kwenye bunduki, mara nyingi kwa kanieneo ya bari 200 au zaidi, na kila risasi huchota sehemu yake kwa njia ya vali.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba katika aina ya kwanza hewa peke yake ndiyo inayofanya kazi yote. Akina Cardew waliifyatua bunduki ya springi ndani ya naitrojeni badala ya hewa ya kawaida, na kasi ya risasi ikashuka sana. Naitrojeni haisaidii kitu kuungua. Hivyo ikadhihirika kwamba katika bunduki za nishati kubwa mafuta kidogo yaliyomo katika silinda huungua kila mara, kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, na kuchangia mwendo wa risasi. Kutokana na majaribio yao waliugawa ufyatuaji katika namna nne: ya kwanza risasi husukumwa kama anayepuliza mrija, ya pili risasi hukaza mpaka kani ya hewa itoshe kuing'oa, kama kizibo cha kibunduki cha mwanzi cha watoto, ya tatu mafuta huungua, na ya nne mafuta hulipuka. Tunapendekeza ziitwe kupuliza, kung'oa, kuungua na kulipuka. Ni vitenzi vinne vya Kiswahili cha kawaida, na kila kimoja chaonyesha kinachotendeka.

Hiyo ndiyo sifa ya kitabu. Kasoro yake ni ile ya vitabu vingi vya Kiingereza vya fani hii: vipimo vyake ni vya futi, ratili na greni, na mfasiri asiyeviondoa humwachia mwalimu wa fizikia mzigo usio wake. Lakini kasoro kubwa zaidi imo katika lugha ya fani yenyewe, na hiyo ndiyo inayotuhusu.

Waandishi wa Kiingereza wa fani hii huzungumzia power ya bunduki. Kwa mwanafizikia neno hilo ni kiasi cha kazi inayofanywa kwa kila sekunde, nacho hupimwa kwa wati. Wapenzi wa bunduki hawamaanishi hivyo. Wanamaanisha nishati ya risasi inapotoka kwenye mdomo wa kasiba, ambayo hupimwa kwa jouli. Basi Kiingereza chenyewe kimekosea, na mfasiri anayeandika "nguvu" anaurithi upotofu huo na kuuongezea wa kwetu. Katika Kiswahili nguvu ni ya misuli, ya hoja, ya dawa, ya serikali. Hutumiwa kwa kani, kwa kanieneo, kwa kasi na kwa nishati bila ya kubagua.

Madhara yake yaonekana pale sheria inapoingia. Katika Uingereza na Wales, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 na kanuni za mwaka 1969, bunduki ndefu ya upepo ambayo nishati yake yazidi futi-ratili 12, yaani jouli 16.27, haiwezi kumilikiwa bila ya cheti cha silaha. Uskoti ilikaza zaidi: sheria yake ya mwaka 2015 ilidai leseni hata kwa bunduki zilizo chini ya kiwango hicho, kuanzia tarehe 31 Desemba 2016. Ujerumani mpaka wake ni jouli 7.5. Bunduki moja, bila ya kubadilishwa hata parafujo, yaweza kuwa halali mahali pamoja na kuhitaji kibali mahali pengine. Sheria hizo hazikuuliza habari ya "nguvu" bali zimeuliza idadi ya jouli.

Tutoe hesabu ambayo mwalimu anaweza kuitumia darasani. Risasi ya milimita 4.5 yenye gramu 0.547 ikitoka kwa kasi ya mita 244 kwa sekunde, nishati yake ni takriban jouli 16.3, yaani imefika mpakani. Fundi akiiongeza kasi hiyo kwa sehemu moja tu ya kumi, ikawa mita 268, nishati hupanda kwa zaidi ya sehemu moja ya tano na kukaribia jouli 20, kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi. Mfasiri aliyeandika "nguvu iliongezeka kidogo" ameficha kosa la jinai ndani ya sentensi. Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi ya ufundi na ya sheria neno nishati litumike peke yake, na kinachoitwa bunduki ya nguvu kubwa kiitwe bunduki ya upepo ya nishati kubwa.

Sasa tulitazame neno upepo. Wako wanaotaka libadilishwe kuwa hewa kwa hoja kwamba upepo ni hewa iendayo. Hoja hiyo ni ya haki katika fizikia, lakini bunduki ya upepo ni jina lililokwisha kukaa midomoni mwa watu, na jina la chombo kizima si lazima liwe maelezo kamili. Wako pia wasemao kwamba kisichotumia baruti si bunduki. Hao wasahau asili ya neno lenyewe. Bunduki limetokana na neno la Kiarabu lililokuwa na maana ya tunda gumu la mviringo, kisha kitufe cha kurushwa kwa upinde, kabla halijatumika kwa silaha ya moto. Aidha, mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya upepo iliyobuniwa na Girardoni, na bunduki ya upepo ilichukuliwa katika msafara wa Lewis na Clark huko Marekani kati ya 1804 na 1806. Jina bunduki ya upepo basi libaki.

Hata hivyo, lisivuke mpaka wa jina. Katika maagizo ya kujaza na kufungua mtungi, neno upepo ni la hatari. Msomaji wetu anajua kutia upepo tairi la gari, ambalo kanieneo yake ni bari mbili hivi. Akisoma "tia upepo kwenye mtungi", fikira zake zitakwenda kwenye tairi, ilhali mtungi huo hubeba mara mia moja ya kiasi hicho. Pasemwe hewa iliyoshindiliwa, na kanieneo itajwe kwa tarakimu. Kadhalika kitenzi kufungua, ambacho kwetu ni cha mlango, cha kamba na cha parafujo, kisitumike peke yake. Iandikwe kwanza kwamba hewa yote itolewe, ndipo ije sentensi ya kulegeza parafujo. Mfuatano wa sentensi ndio usalama wa fundi.

Neno la tatu ni mafuta. Kwa Mswahili mafuta ni ya kupikia, ya taa, ya gari na ya kujipaka. Agizo la "tia mafuta kwenye silinda" limeenea katika tafsiri za mashine nyingi wala halina ubaya kwa cherehani. Katika bunduki ya springi ndilo agizo linaloigeuza namna ya tatu ya akina Cardew kuwa ya nne: mafuta mengi mbele ya pistoni hulipuka, sili huchomeka na springi huweza kukatika. Katika bunduki ya mtungi mafuta ya petroli hayatakiwi kabisa karibu na hewa ya kanieneo kubwa. Pete za mpira hupakwa grisi ya silikoni. Mtungi huo pia haujazwi oksijeni kamwe, kwa sababu hiyo hiyo ya kuhofia moto. Kwa hiyo mfasiri ataje aina, ataje kiasi, na ataje mahali: paka grisi kidogo pembeni mwa pistoni. Tia na paka si kitenzi kimoja.

Tugeukie shughuli yenyewe. Kijitabu cha namna hii hueleza mambo matatu ambayo tafsiri nyingi huyafunika kwa kitenzi kimoja, kutengeneza. La kwanza ni kutunza: kusafisha, kukagua sili, kukaza parafujo. La pili ni kukarabati: kutoa springi iliyochoka na kuweka mpya, kazi inayodai kifaa cha kuishika springi isiruke, kwani huwa imebanwa hata kabla bunduki haijakokiwa. La tatu ndilo gumu. Mafundi pikipiki huliita kutyuni. Wengine wamelifasiri kurekebisha, lakini kurekebisha kwadhania kuwa pana kosa, na bunduki hiyo huenda ikawa nzima. Wengine wameandika kuongeza nguvu, jambo ambalo si kweli, kwa sababu fundi mzuri mara nyingi hupunguza kasi ili springi isitetemeke na risasi zote zifuate njia moja. Anachokitafuta ni kupatana kwa uzito wa pistoni, ukakamavu wa springi, upana wa tundu la hewa na uzito wa risasi. Tunapendekeza kuwianisha. Mwanafunzi anajua uwiano katika hesabu, na kifaa cha kupimia matokeo, ambacho tunakiita kipimakasi, humwonyesha kama uwiano umepatikana.

Kuhusu springi, wako waliopendekeza kamani, neno la heshima linalojulikana kwa mafundi saa. Tumelipima na kuliacha. Kazi zafanana, kwa kuwa zote mbili huweka akiba ya nishati. Lakini kamani ya saa ni utepe uliokunjwa bapa, na hii ni waya uliosokotwa kama springi ya gari. Fundi huagiza kipuri kwa umbo. Springi kuu yatosha.

Risasi nayo ina mkanganyo wake. Neno hilo ni jina la madini na la kirushwacho. Siku hizi hutengenezwa nyingine kwa bati, na mfasiri hujikuta akiandika "risasi isiyo ya risasi". Marisau nayo ni ya wingi, ya bunduki ya kutawanya. Tunapendekeza kirisasi kwa hii ndogo yenye kiuno, na risasi libaki kwa madini.

Mwisho ni jina la mtu anayefanya kazi hii kwa kupenda. Tumeona ikiandikwa mraibu, kutokana na uraibu wa tambuu na tumbaku. Lakini leo mraibu ni mtu aliyetekwa na dawa za kulevya, na ofisa wa serikali akisoma katika ombi la leseni kwamba mwombaji ni mraibu wa bunduki, hatutamlaumu akilikataa. Lugha yetu ilikwisha kulitatua jambo hili uwanjani: tuna ndondi za ridhaa. Basi huyu ni fundi wa ridhaa, na shughuli yake ni ufundi wa ridhaa.

Ipo hoja kwamba tunajishughulisha mno na chombo cha watu wachache. Jawabu letu ni kwamba nishati, kanieneo, uwiano na grisi si mali ya bunduki. Ni maneno yale yale ya pampu ya maji, ya jiko la gesi na ya breki za lori, na mfasiri aliyezoea kuandika "nguvu" hapa ataandika "nguvu" kule. Sheria za silaha za kila nchi zina masharti yake, na msomaji hana budi kuzifuata za kwake; lakini hawezi kuifuata sheria ambayo maneno yake hayapimiki. Istilahi ambayo fundi hawezi kuitumia akiwa na spana mkononi, na hakimu hawezi kuipima akiwa na tarakimu mezani, bado haijawa istilahi.