Mchoro Ukipita Kwenye Skana: Ni Nakala au Ni Tahariri?

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa ya lugha, yaani mchoro wa rangi uliochorwa kwa mkono, ukaandikiwa maneno ya Kiswahili, kisha ukaingizwa katika kompyuta kwa skana ndogo ya nyumbani. Hoja yetu ni moja. Anayeskani mchoro wa namna hiyo hatoi nakala tu, bali anauhariri. Na mhariri yeyote hana budi kueleza amebadili nini na kwa nini.

Suala hili linatuhusu sana huku kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya aina hiyo barani Afrika. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha majirani wasiokuwa na lugha moja ya mama. Mji mkubwa ulio karibu ni Mbarara, wenye maduka ya vifaa vya kuandikia, fotokopi na uchapaji. Mchoro uliozaliwa Nakivale ukitakiwa uwe ukurasa wa kitabu cha hadithi au bango la darasani, ni rahisi ukaishia juu ya kioo cha skana ya mwalimu fulani mjini.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi mwenye asili ya Kivu amechora kwa penseli za rangi watoto watatu wakishika njia alfajiri. Anga lina manjano hafifu, na barabara ina wekundu wa vumbi. Pembeni kabisa ameandika: "Batoto banaenda ku masomo." Karatasi ni ya daftari, ina mistari, na upande wa pili kuna hesabu. Mwalimu anaiweka kwenye skana, anabonyeza kitufe, na programu inamalizia yenyewe. Picha inayotokea ni safi: karatasi imekuwa nyeupe pe, manjano ya alfajiri hayapo, na ukingo umekatwa pamoja na nusu ya maneno. Mwalimu anafuta yaliyobaki, anachapa chini yake kwa herufi za kompyuta: "Watoto wanaenda shuleni." Picha inapendeza. Lakini sasa ni kazi ya nani?

Tuangalie kilichopotea. Kwanza ni rangi. Skana nyingi za nyumbani huja zikiwa zimepangwa kushughulikia barua na risiti. Programu hutafuta sehemu angavu zaidi ya karatasi, ikaifanya nyeupe, na kila rangi iliyo karibu na weupe ikafifia pamoja nayo. Penseli ya manjano na waridi hafifu ndizo huumia mwanzo. Kalamu za kung'aa za kupigia mistari nazo hutoka zimepooza au zimegeuka rangi. Programu za simu zinazojigeuza skana, ambazo siku hizi ziko mikononi mwa wengi, mara nyingi husafisha kwa ukali zaidi. Kwa hati ya kodi, usafi huo ni msaada. Kwa mchoro wetu, alfajiri imegeuka mchana, na wakati wa hadithi umebadilika.

Pili ni ukingo. Mchoraji aliyebanwa na karatasi huandika palipobaki nafasi. Programu inayokata kingo yenyewe haijui kwamba maneno ya pembeni ni sehemu ya kazi. Tatu, na kwetu walimu ndilo zito zaidi, ni lugha. "Batoto banaenda ku masomo" si Kiswahili kilichoharibika. Ni Kiswahili cha mashariki mwa Kongo chenye utaratibu wake: kiambishi ba- kinafanya kazi ya wa-, ku inabeba mahali, na masomo ni jina la shule yenyewe. Anayeifuta sentensi hiyo na kuandika nyingine amefasiri kutoka lahaja moja hadi nyingine bila kusema kwamba amefasiri.

Kiswahili cha Kongo kina mfano mkubwa wa mambo haya. Mnamo 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyefanya kazi zake Lubumbashi, alichora historia ya Zaire katika picha 101 kwa ajili ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Juu ya picha hizo aliandika maelezo kwa Kifaransa, lakini historia yenyewe aliisimulia kwa Kiswahili katika mazungumzo yao yaliyorekodiwa. Fabian alipotoa kitabu chake Remembering the Present mwaka 1996, msomaji aliyapata masimulizi hayo kwa Kiingereza. Matini ya Kiswahili yaliwekwa katika intaneti baadaye. Tunaipongeza kazi hiyo. Hata hivyo inatuonyesha jinsi picha, maandishi yaliyomo ndani yake na maneno ya mchoraji yanavyoweza kwenda kila kimoja njia yake. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kama maneno yake yasingehifadhiwa katika Kiswahili alichokisema, hakuna ambaye angeweza kumrudia kumwuliza.

Pwani nako kuna funzo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa khati aliyenakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya. Mkono wake ulikuwa wa msanii, na kurasa zake ni za kutazamwa kama zilivyo za kusomwa. Lakini tenzi za Kiswahili zilipochapwa kwa herufi za Kilatini, kilichosafiri kwa kawaida ni beti. Mwandiko na sura ya ukurasa vilibaki maktabani katika miswada. Wanafunzi wetu leo huulizwa katika mitihani juu ya vina na mizani. Ni nadra kuulizwa ukurasa ulionekanaje. Tusiurudie upungufu huo kwa michoro ya wanafunzi wetu wenyewe.

Huenda mwenzetu akapinga: darasa linahitaji picha inayosomeka, na mtoto wa Uganda anapaswa kujifunza Kiswahili sanifu. Pingamizi hili lina uzito. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mwalimu anayefundisha sanifu hafanyi kosa. Tunachopinga sisi ni kuisafisha nakala ya pekee. Aandike sentensi sanifu chini ya picha, lakini aiache ya mchoraji mahali pake. Zikikaa pamoja, darasa limepata somo la sarufi ya lahaja bila gharama yoyote. Mtoto wa Kikongo naye ataona kwamba anajua jambo ambalo jirani yake wa dawati hajui.

Kwa vitendo, tunapendekeza kila mchoro uwe na nakala mbili. Ya kwanza ni nakala kuu. Hii iskaniwe kwa rangi kamili, karatasi yote pamoja na kingo zake, huku usafishaji na ukataji wa kujiendesha ukiwa umezimwa. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kuchapa kwa ukubwa uleule. Mchoro mdogo utakaokuzwa uchukuliwe kwa 600. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 una pikseli 2480 kwa 3508, na bila kubanwa faili huwa na megabaiti 26 hivi. Kwa 600 huwa mara nne yake. Nakala kuu ihifadhiwe kama TIFF, kwa maana JPEG hupoteza kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Maandishi ya upande wa pili yakijitokeza, weka karatasi nyeusi nyuma ya mchoro. Karatasi iliyojikunja inyooshwe kwanza chini ya vitabu, kwa sababu skana nyembamba zinazotumia umeme wa kompyuta huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Nta ya krayoni ifutwe kwenye kioo kwa kitambaa laini kabla ya mchoro unaofuata.

Nakala ya pili ni ya kusambaza. Hiyo ndiyo inayoweza kung'arishwa, kupunguzwa na kuongezewa sentensi sanifu. Hapa kuna jambo moja ambalo tunataka lifichwe. Watoto huandika majina yao kwenye kona ya mchoro, pengine na jina la kijiji walikotoka. Kwa mkimbizi, taarifa hizo zinaweza kumfikia asiyetakiwa kuzipata. Jina lifunikwe katika nakala inayosambazwa, isipokuwa mchoraji na mzazi wake wameelewa itakwenda wapi na wakakubali. Hili nalo ni kazi ya uhariri, na linahitaji kuamuliwa na mtu. Programu haiwezi kulijua.

Mwisho, karatasi yenyewe irudi kwa mwenyewe. Tuna desturi mbaya ya kudhani kwamba kilichoingia kompyuta kimekwisha kazi. Mchoro ni mali ya aliyeuchora, na katika nyumba ya udongo mvua moja inatosha kuumaliza. Hapo nakala kuu ndiyo itakayobaki. Ikiwa ndani yake alfajiri ingali manjano na batoto bangali wanakwenda ku masomo, mwalimu atakuwa amehifadhi kazi ya mwanafunzi wake. Ikiwa sivyo, atakuwa amehifadhi ya kwake mwenyewe.