Kanda za Uwanjani: Uhakiki wa Sauti Iliyonaswa Bila Idhini

Katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita, zimo kanda za nyimbo ambazo fundi wa mitambo angezitupa, lakini mpenzi wa ngoma huzitunza kama mbegu. Zilinaswa uwanjani kwa redio ya kaseti iliyowekwa chini karibu na miguu ya wachezaji; siku hizi hunaswa kwa simu iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu. Aghalabu mnasaji hakuomba idhini ya mtungaji. Sauti imekwaruza, mtoto analia, na mara kwa mara upepo hulifunika neno lililongojewa. Hata hivyo, mpenzi yule anayeweza kununua wimbo huohuo uliorekodiwa studioni kwa usafi huiacha studio akaitafuta kanda ile. Makala haya yauliza sababu, maana ndani yake limo swali zito: wimbo wenyewe ni upi?

Hapana budi kwanza kuieleza mbina, yaani ngoma ya mashindano. Tangu karne ya 19 wachezaji wengi wa Usukuma wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, ambavyo mapokeo yasema viliasisiwa na Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, hasa kati ya Juni na Agosti, makundi mawili husimama katika uwanja mmoja, yakakabiliana na kucheza kwa wakati mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo hukumu haitolewi kwa kalamu baada ya mchezo; hutolewa kwa miguu ya watazamaji wakati mchezo ungali unaendelea. Ndiyo maana ningi, yaani mtungaji na kiongozi wa kundi, hutafuta maneno mapya, mavazi, vituko, na hata dawa za kuvuta watu.

Kanda moja niliyopata kuisikiliza Shinyanga yaonyesha jambo hili vizuri. Mwanzoni sauti za waitikiaji ni nene, na ningi anaimba kwa utulivu. Kisha ngoma ya upande wa pili, iliyokuwa ikisikika kwa mbali, inazidi. Waitikiaji wanapungua, mtu asiyeona chochote ajua kwamba uwanja unahama. Ningi aukata ubeti katikati, akaita, akanyamaza kidogo, kisha akatoa ubeti mwingine wenye jina la mtu aliyesimama palepale. Kicheko kinalipuka, na taratibu sauti zinarudi na kunenepa. Kasoro zote ambazo fundi angezisafisha, yaani kelele ya jirani, kupungua kwa waitikiaji na kile kicheko, ndizo zinazotueleza kwa nini ubeti ule ulitungwa. Tukiziondoa, twabaki na ubeti usio na sababu.

Hapo ndipo nionapo kiini cha mapenzi haya. Studioni ningi hana mpinzani wala watu wa kuwapoteza. Huimba wimbo alioukwisha kuutunga. Uwanjani huutunga akiwa katika hatari. Mpenzi wa kanda hataki kuambiwa kwamba ningi wake alishinda. Ataka kuisikia ile dakika aliyokaribia kushindwa. Mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa, aliye mbali na uwanja wa kwao, hurudishwa na kanda kati ya watu wale, akasikia hata lafudhi ya kijiji chake katika makelele.

Wala si tabia ya Wasukuma peke yao. Kati ya 1901 na 1903 Lionel Mapleson, mtunza maktaba wa jumba la opera la Metropolitan mjini New York, alinasa vipande vya maonyesho katika silinda za nta. Ni hafifu mno, lakini zinatunzwa hadi leo. Mwaka 1984 bendi ya Grateful Dead ya Marekani iliwatengea wanasaji mahali pao maalumu katika maonyesho yake. Huku kwetu Hugh Tracey alinasa ngoma za Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 2010 Frank Gunderson alitoa kitabu chenye zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma. Kazi za wataalamu hawa ni hazina. Walakini mtaalamu huja kwa safari na kuondoka; mpenzi hukaa, akarudi uwanjani mwaka hata mwaka.

Mpinzani wangu atasema kwamba nausifu wizi. Hoja yake ina nguvu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yampa msanii haki juu ya kunaswa kwa onyesho lake, na muuza nyimbo wa kibandani anayezijaza katika simu za wateja hula jasho la mwingine. Nami naongeza shtaka la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi. Uwanja wa mbina una ruhusa yake: humo ningi aweza kumdhihaki mpinzani kwa maneno ambayo nje yangekuwa ugomvi, na jioni wakala pamoja. Kanda haijui mapatano ya jioni. Hulichukua tusi likiwa bichi, ikalipeleka kwa wajukuu.

Kwa hiyo nasema hivi: kanda hizi ni matini, na bora kuliko matini tulizozizoea madarasani, lakini ubora wake hauhalalishi kila matumizi. Anayetaka kuzihakiki na aandike mahali, mwaka, upande uliokinaswa na majina ya waimbaji. Na amtafute ningi, au warithi wake, aombe idhini iliyochelewa na alipe kinachostahili. Tena asikilize pamoja naye, kwa maana ningi ndiye ajuaye ni ubeti gani ulikuwa mzaha na upi ulikuwa jeraha. Kazi hiyo haingoji. Utepe wa kaseti huoza, simu hupotea, na wazee walioushinda au kuupoteza uwanja ule wanakufa. Tukikawia, tutabakiwa na nyimbo safi za studio, na tutawafundisha vijana kwamba hivyo ndivyo wazee wao walivyoimba.