Kalamu Iliyogoma: Tashtiti, Imani na Mandhari katika Sanaa ya Richard Doyle

Katika kuhakiki tashtiti, tumezoea kuuliza msanii alimcheka nani. Ni nadra tuulize alikataa kumcheka nani, ilhali swali hili ndilo linalofichua mipaka ya kejeli yake. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Richard Doyle (1824–1883), mchoraji wa katuni aliyezaliwa London katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Dublin.

Doyle alifunzwa sanaa na baba yake, John Doyle, ambaye tangu 1829 aliwachora wanasiasa wa Uingereza huku akilificha jina lake nyuma ya herufi HB. Mwana hakujificha. Alijiunga na jarida la Punch mwaka 1843, na sahihi yake ikawa herufi za jina lake zilizotuliwa na kidege. Jalada alilolichora mwaka 1849, ambamo Bwana Punch amezungukwa na msafara wa vijitu vyenye vurumai, likawa sura ya jarida lenyewe.

Mwaka 1850 Papa Pius IX alirejesha uongozi wa maaskofu wa Kikatoliki nchini Uingereza, na Wiseman akateuliwa kadinali. Punch ikamshambulia Papa na waumini wake kwa dhihaka kali. Doyle alijiuzulu, akaacha kazi iliyompa jina na riziki.

Ni rahisi kumsifu hapa na kuishia hapo. Hata hivyo, mhakiki mwadilifu hana budi kukumbuka miaka iliyotangulia. Kati ya 1845 na 1849 njaa kuu ya viazi iliiangamiza Ayalandi. Watu wapatao milioni 1 walikufa. Wakati huo huo, Punch iliwadhihaki Waayalandi, nchi ya wazazi wa Doyle, naye hakuondoka. Kwa hiyo, mpaka wa kejeli yake ulikuwa imani. Taifa la asili halikuufikia. Tukimwita shujaa wa wanyonge tutakuwa tumemvisha joho asilolishona.

Baada ya 1850 Doyle alichora vielelezo vya vitabu, ikiwemo riwaya ya Thackeray, The Newcomes. Katika miaka yake ya baadaye aliegemea michoro ya mandhari kwa rangi za maji, na baadhi yake ikaonyeshwa Grosvenor Gallery. Sambamba na mandhari aliwachora viumbe wa ngano wenye mabawa, ambao kwa Kiswahili tungeweza kuwaita vibwengo. Kitabu chake maarufu katika mkondo huu ni In Fairyland (1870), kilichoandamana na shairi la William Allingham, mshairi wa Ayalandi.

Je, huku kulikuwa kukimbia siasa? Kwa kiasi fulani, ndiyo: hamna waziri wala askofu anayetajwa. Lakini tuviangalie vibwengo hivyo kwa makini. Vinamchokoza kipepeo, vinawageuza ndege kuwa vipando, vinamshangilia mfalme wao kwa maandamano ya fahari. Majivuno ya wakubwa na ukatili wa wadogo kwa walio wadogo zaidi, ambayo ndiyo malighafi ya tashtiti, yamesalia. Kilichotoweka ni majina ya wahusika. Msanii aliyeacha kuwachora watu mahususi aliendelea kuichora tabia ya binadamu, akaifunika kwa majani na umande.

Hoja yetu, basi, ni kwamba kujiuzulu kwa Doyle na mandhari yake visomwe kama matini moja. Kukataa kuchora nako ni usemi, na kama usemi wowote, kunapaswa kupimwa kwa kile kilichosemwa na kile kilichonyamaziwa. Kinaya cha mwisho hakikuwa chake: Punch iliendelea kulitumia jalada lake hadi 1956. Kwa zaidi ya karne moja, jarida aliloligomea lilimfikia msomaji likiwa limevaa kazi ya mkono wake.