Mtambaji Asiyemaliza Hadithi

Bibi anayetamba hadithi haendi mbele mpaka aitikiwe. Akisema "Paukwa!" na wajukuu wakanyamaza, hadithi imekwisha, kila mtu akalale. Sharti hilo dogo limebeba karibu kanuni nzima ya kazi ya waraghbishi, wale wanaozunguka vijijini na mitaani kuwakusanya watu wazungumzie maji, ardhi, mimba za wanafunzi au ujira wa mashambani, kisha waamue wenyewe la kufanya. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa takwimu na vifungu vya sheria, nao tunawahitaji. Lakini leo nataka kuwasifu wanaoifanya kwa hadithi, na hasa wale wanaojua kuikatiza.

Mtazame fundi akiwa kazini. Darasa ni kivuli cha mwembe, mabenchi yameazimwa shuleni, bango kitita limeegemezwa kwenye shina na halijaandikwa kitu. Mkufunzi mchanga angeanza kwa kuuliza, "Changamoto zenu hapa ni zipi?" Jibu lake sote tunalijua: maji, barabara, zahanati, tunaomba mtusaidie. Fundi huuliza: "Mama, jana maji umechota saa ngapi?" Saa tisa usiku. Na nani? Na binti yangu. Nyumbani mlimwacha nani? Hapo mama anasita, anavuta kanga mabegani, anasema alimwacha mtoto mchanga na kaka yake wa miaka sita, mlango akaufunga kwa nje. Fundi hatii neno. Hata pole hasemi kwa haraka, kwa sababu pole ya haraka hufunga mazungumzo. Anangoja mpaka sauti itoke benchi la nyuma: "Hata mimi nafunga kwa nje." Wa tatu anacheka kwa aibu, na kicheko chake kimeshakiri. Muda si mrefu siri ya nyumba moja imekuwa jambo la kitongoji, na mzee aliyekuwa kimya tangu asubuhi anauliza ile pampu tuliyoichangia iko wapi, na daftari la michango analo nani.

Hapo ndipo kalamu inagusa karatasi.

Kwa mfano mkubwa wa sanaa hii mimi hurudi kila mara Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji hicho alimfuata Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake asubuhi na mapema, akamwambia wamesikia ana elimu nyingi. Kwa nini asiwagawie kidogo, pamoja na muda wake kidogo? Ngũgĩ alikuwa mkuu wa idara ya fasihi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mama yule hakukoma mpaka alipokubaliwa. Likazaliwa darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, na kutoka darasani ikazaliwa tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambayo Ngũgĩ aliiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ.

Walichokifanya na rasimu ndicho kinachonivutia. Waliwasomea wanakijiji, na wanakijiji wakaishika mikononi. Wazee wakasema mzee wa Kigikuyu hazungumzi hivi, na methali hii haikai hapa. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wa mashamba ya chai wakaeleza wanavyonyonywa, kwa hesabu ya mshahara wenyewe. Mazoezi yakafanywa hadharani, yeyote akipita asimame, atazame, akosoe. Jukwaa la wazi wakalijenga kwa mikono yao. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, wasomi wawili hawakuweza tena kusema ni wao peke yao walioutunga.

Tarehe 16 Novemba leseni ya mchezo huo ikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Mwezi Machi 1982 polisi wenye silaha walifika kwa malori matatu, wakalibomoa lile jukwaa.

Na tusisahau kwamba mwaka huohuo wa 1977, mwezi Julai, ilizinduliwa riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye maneno makali yaleyale juu ya matajiri wa Kenya huru. Mgeni rasmi alikuwa waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Riwaya ikafanyiwa hafla, tamthilia ikaleta kizuizi. Wengi husema tofauti ni lugha, na hawakosei. Mimi naongeza: riwaya ilikuwa imemalizwa na mtu mmoja mezani kwake, tamthilia ilimaliziwa na wale wanaolipwa ule mshahara.

Huku Tanzania, mapema miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi ya namna hiyo kijijini Malya, Usukumani. Mwaka 1996 Mlama na Lihamba wakaanzisha Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari huchambua wenyewe yanayowakwaza, wakayaigiza mbele ya walimu wao. Ukitaka kumwona mwalimu mkuu akitafuta pa kuangalia, kaa karibu naye siku hiyo.

Siku hizi sanaa imepata majina mapya. Marshall Ganz wa Harvard hufundisha hadithi yangu, hadithi yetu na hadithi ya sasa. Ni mpango mzuri, na yeye aliusomea mashambani California kwenye chama cha wafanyakazi cha Cesar Chavez. Shida yetu haiko kwake. Shida ni ile fomu ya wafadhili inayodai "hadithi za mafanikio", kurasa mbili na picha, ambapo mama wa saa tisa usiku anatokea akitabasamu kando ya bomba, kasahihishwa na ofisi, na daftari la michango halitajwi. Hadithi hiyo imemalizwa na asiyehusika. Mbaya zaidi ni semina ambapo mkufunzi huwachokonoa watu majeraha mpaka walie, akapiga makofi, akawapeleka kwenye chai.

Basi wewe uliyepangiwa ukumbi wiki ijayo, uliza maswali madogo na ungoje. Usimwombe mtu hadithi kabla hujamweleza itakwenda wapi na nani ataisikia. Ukishaiandika, rudi umsomee mwenyewe kwanza, kabla ya mfadhili, na akisema "hapa sivyo", futa.