Sikio la Mkaanga Mahamri

Mwanamke anayekaanga mahamri Majengo, Nairobi, alfajiri hana haja ya kipimajoto. Anakata kidonge cha unga, anakitosa kwenye karai, kisha anasikiliza. Kikizama kimya, mafuta bado. Kikipanda na kuanza kuchachatika, anaanza kazi. Kwenye giza lile lenye moshi wa makaa, macho hayamfai sana. Sikio ndilo linalompa riziki.

Ufundi wa kusawiri mahali, kwa maoni yangu, unaanzia kwa mtu kama huyo. Milango ya fahamu ni mitano, kila mwanafunzi anaijua. Lakini mwandishi anayeipitia yote mitano kwa zamu, rangi kidogo, harufu kidogo, sauti kidogo, ni kama karani anayejaza fomu. Heri aulize: nani yuko hapa, anafanya kazi gani, na kazi hiyo inamlazimisha kutegemea mlango upi?

Toka Majengo uteremke hadi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Mpita njia anasikia kelele moja tu ya nyundo na mabati, naye akiandika ataandika "makelele". Fundi anasikia vingine: pale bati lilipokaa sawasawa juu ya chuma, na pale lilipoacha nafasi chini. Mzazi aliyekuja kununua sanduku la mwanafunzi wa bweni naye anagongagonga ubavuni kabla ya kutaja bei. Gikomba, ukingoni mwa Mto Nairobi, kazi ni ya vidole. Robota la mitumba likikatwa kamba, wanaotafuta kamera, yaani zile nguo za daraja la kwanza, hawasubiri kuangalia rangi. Wanasugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, wanapitisha mkono kwapani mwa shati palipochakaa, na tayari wameamua. Muuza miraa anafungua jani la mgomba kidogo tu, kwa sababu upepo ni adui yake na bidhaa ikinyauka haina kazi. Andika jinsi anavyolifunga tena jani lile haraka, na msomaji atalisikia joto la mchana bila wewe kulitaja jua.

Nyumba nazo zina ushahidi wao. Pumwani, mtaa wenye Majengo hiyo, ilianza kujengwa miaka ile ya mwanzo ya 1920, wakoloni walipotaka Waafrika wa Nairobi wakusanywe mahali pamoja. Viwanja vilitolewa, wenyeji wakajijengea kwa udongo na miti, na nyumba nyingi zikafuata ramani ya pwani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma. Mwandishi anayetaka tujue watu walivyobanana asituandikie "msongamano". Atuandikie kikohozi kinachotoka chumba cha tatu, ambacho nyumba nzima inajua ni cha nani.

Jambo hili wanahistoria wamelitumia vizuri kuliko sisi wa hadithi. Luise White aliwahoji wanawake wazee wa Pumwani, na kitabu chake, The Comforts of Home, kikatoka mwaka 1990. Kina maelezo juu ya wanawake waliouza miili yao enzi za ukoloni. Wapo waliongoja chumbani na kumpa mwanamume chai, chakula na maji ya kuoga. Na wapo wazi-wazi, walioketi nje ya mlango wakitaja bei kwa sauti. Maji yale ya kuoga yanaeleza sera nzima ya kazi: mji uliomtaka mwanamume kwa nguvu zake, ukamlipa mshahara wa mtu asiye na mke wala jiko. Sura nzima ya takwimu isingenifikisha hapo upesi hivyo.

Waandishi wetu bora wanalijua hili. Katika Kuli (1979), Shafi Adam Shafi aliiona bandari ya Zanzibar kupitia wachukuzi wake, wale waliogoma mwaka 1948. Meja Mwangi, katika Going Down River Road (1976), aliiona Nairobi kupitia vibarua wa mjengo. (Inaniuma kidogo kwamba riwaya yenye Nairobi nzito hivyo haikuandikwa kwa Kiswahili.)

Shuleni mambo ni mengine. Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ulipofanywa mara ya mwisho 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 za insha, na wengi waliingia na mapambo waliyokariri: jua la mashariki, ndege wakitumbuiza, umande juu ya nyasi. Mtoto aliyeamshwa na adhana na honi za matatu akaandika juu ya kijiji ambamo hajawahi kulala hata usiku mmoja. Simlaumu. Mapambo yale yalimletea alama.

Ndiyo maana ombi langu ni kwenu walimu, mnaosahihisha insha hadi leo. Mkikuta mtoto wa Majengo ameandika kwamba robota lililofunguliwa sasa hivi linanuka dawa, na kwamba kiatu cha kushoto kilipatikana lakini cha kulia kikatafutwa hadi adhuhuri, mpeni alama zake zote. Msimwandikie pembeni kwa wino mwekundu kwamba aongeze tamathali za usemi.