Wino na Karatasi

Kwa miaka mingi nilifundisha Utendi wa Mwana Kupona katika chuo cha ualimu, na leo, nikiwa mstaafu, nakiri kwamba nilifundisha nusu yake tu. Wanachuo wangu waliweza kuorodhesha wajibu wa mke kwa mumewe, wakabishana kama mawaidha yale yanamdhalilisha mwanamke au yanamhifadhi, na kipindi kikaisha. Sikumbuki kuwauliza hata mara moja: mtunzi alikuwa katika hali gani?

Alikuwa mgonjwa. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi huu mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja. Miaka michache baadaye naye akafariki. Katika beti za mwanzo anamwita binti yake, Mwana Hashima, akae karibu na alete wino na karatasi. Anamweleza kwamba ameugua mwaka mzima bila kupata wasaa wa kumpa neno la maana. Kisha anaanza kazi.

Ustadi wa mtunzi nauona hapo. Maradhi hayakufichwa, wala hayakuachiwa kutawala utendi. Mama ambaye nguvu zinamwishia anazungumzia hirizi ya kumkinga mwanawe, na kidani cha lulu na marijani cha kumpamba. Baadhi ya mawaidha yenyewe yamepitwa na wakati. Mengine hata mimi nisingempa binti yangu. Lakini kinachonigusa sasa si orodha ya wajibu. Ni mtu aliyejua kwamba muda ni mfupi, akautumia kwa ajili ya mwingine.

Nililijua hili kwa kuchelewa. Marehemu mke wangu aliugua saratani kwa miezi minane. Kila mgeni aliyeingia alimwambia, "Utapona tu, mama," na mimi nililisema neno hilo kuliko wote. Jioni moja aliniomba daftari na kalamu. Nikamjibu, "Pumzika kwanza, mama watoto. Utaandika ukipata nafuu." Nilidhani namtia moyo. Nafuu haikuja. Daftari nilinunua baadaye. Liko mezani kwangu hadi leo, halina neno.

Baada ya arobaini niliufungua tena utendi, nikasoma ile dua ndefu ya mwishoni ambayo sisi walimu tulizoea kuiruka, maana haikuwa na maswali ya mtihani. Nikaona nilichokosa. Mwana Kupona anamwomba Mungu amponye, anaomba waziwazi bila haya, na katika dua hiyo hiyo anawakabidhi watoto wake kwa Mungu. Hakuona kwamba kuomba uzima na kutoa wosia ni mambo yanayopingana. Sisi tuliomzunguka mgonjwa wetu ndio tuliomlazimisha achague moja, tena tukamchagulia sisi wenyewe, tukaliita jambo hilo tumaini.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu unayeendelea kuufundisha utendi huu, anzia kitandani pa mgonjwa, na dua usiiruke. Nawe msomaji, mgonjwa wako akikuomba wino na karatasi, mletee siku hiyo hiyo. Hajakata tamaa. Ana neno la kusema.